Kazi yenyewe iko kwenye maswali

Mimi ni mwanamke transi, yaani nilipozaliwa niliandikwa mvulana ila jinsia ninayojijua nayo ni mwanamke, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu ni kuwaandaa watu transi wenzangu wasimame mbele ya watu waongee, iwe ni walimu, manesi, polisi, vikundi vya wazazi, viongozi wa dini, wafanyakazi wa ofisi ambao bosi wao kaamua wapewe semina, yeyote anayetuita na tukaona usalama upo. Naandika haya kwa sababu kila wakati kuna mtu mpya anataka kuingia kwenye kazi hii na karibu wote wanaanza kwa kuandika hotuba, wanakuja na makaratasi, wamekesha nayo, na nawaelewa kabisa, ukiwa umenyamazishwa maisha yako yote ukipewa maiki unataka useme kila kitu. Lakini hotuba ndo sehemu nyepesi kuliko zote. Watu wakikaa wakakusikiliza robo saa hawajabadilika, wamesikiliza tu. Kazi yenyewe inaanza pale mwezeshaji anaposema haya, kuna maswali? ukumbi unakaa kimya, kila mtu anaangalia chini, afu mkono wa kwanza unanyanyuka.

Kwa hiyo mafunzo yetu hotuba tunaipa muda mdogo na maswali tunayapa karibu siku nzima.

Tunaanza na visa. Wengi wanakuja wakiamini kwamba mtu transi akikaribishwa mahali inabidi ajimwage wote, utoto, kupigwa, kufukuzwa nyumbani, siku aliyotaka kufa, kwa sababu ndo walivyoona kwenye tivii na mitandaoni, mtu anaalikwa na maswali yanayofuata ni hayo hayo. Mimi nawaambia kisa chako ni mali yako. Nampa kila mtu karatasi aigawe mafungu matatu, kuna mambo naweza kumwambia yeyote, kuna mambo namwambia ninayemwamini, na kuna mambo hayamhusu mtu. Ukumbini linatoka fungu la kwanza tu. Hata kama ukumbi ni mzuri, hata kama watu wanalia, na hasa kama watu wanalia, maana machozi ya wasikilizaji yanavuta sana, unajikuta umeanza kusema jambo ambalo hujawahi kulisema hata peke yako, afu wao wanachukua mikoba yao wanaondoka na wewe unabaki na usiku mzima mbele yako. Kuna kipimo kimoja nakipenda, kama ukilitaja jambo mikono bado inatetemeka basi hilo bado, liache, litafika siku yake au halitafika na ni sawa.

Watu huwa wanakaa na hiyo karatasi muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Wengine ndo mara ya kwanza kuambiwa kwamba wanaruhusiwa kuwa na siri.

Sasa maswali. Swali la kwanza karibu kila mahali ni la mwili, watu watalizungusha wewee lakini ni hilo hilo, umefanyiwa operesheni au bado, chini ukoje. Kwenye semina moja ya manesi kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mwenye heshima zake, miwani ameishushia puani, akamuuliza kijana wetu ambaye ni mwanaume transi, "Samahani mwanangu, mimi ni nesi siogopi kuuliza, sasa huko chini kukoje?" Ukumbi ukacheka kile kicheko cha aibu. Kijana akavuta pumzi, akamjibu taratibu, "Mama, hayo naongea na daktari wangu tu, nadhani hata wewe yako ungependa iwe hivyo. Ila kwa kuwa wewe ni nesi, kuna kitu natamani ukijue." Afu akaeleza siku aliyoenda hospitali na homa, akakaa kwenye foleni na watu wengine, zamu yake ilipofika likaitwa kwa sauti jina lililokuwa kwenye kadi, jina la kike, na yeye ana ndevu. Wakaita mara ya pili. Watu wakaanza kugeuka kutafuta ni nani. Akainuka akatoka nje akarudi nyumbani na homa yake vile vile.

Yule mama akavua miwani akaishika mkononi. Akauliza, "Sasa tungekuitaje?"

Nakwambia hapo ndo semina ilianza. Manesi wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, mmoja akasema tuite kwa namba, mwingine akasema namba zinapotea kila siku, mwingine akasema tuite jina la ukoo peke yake, mwingine akasema mapokezi wamuulize mgonjwa pembeni angependa aitwe nani na iandikwe juu ya faili, na kila mgonjwa aulizwe sio transi tu ili asionekane mtu mmoja ndo ametengwa. Sisi tulikaa kimya kabisa. Hakuna hata wazo moja kati ya hayo tulilowaletea, yametoka kwao, na wazo likitoka kwa mtu mwenyewe kesho asubuhi kazini analitetea kuliko lile aliloletewa na mgeni.

Jibu la yule kijana halikuja kwa bahati, tulilifanyia mazoezi mpaka likakaa mdomoni. Mazoezi yenyewe ni viti viwili vinatazamana, mmoja anakuwa msemaji mwingine anauliza, na anayeuliza haruhusiwi kuwa mpole, aulize kama tunavyoulizwa kweli. Msemaji ana kazi ya kukataa kwa heshima, kutoa sababu fupi, afu hapo hapo asiache pengo, ampe muulizaji kitu kingine cha kushika ambacho kinahusu kazi yake au maisha yake. Ukikataa tu ukanyamaza, ukumbi unahisi umegombezwa na unafunga. Ukijibu kila unachoulizwa umeshakuwa kitu cha kuangaliwa. Kati ya hapo na hapo kuna njia nyembamba na inapitika, ila inahitaji mdomo uwe umeshazoea kabla moyo haujaanza kudunda. Na kila msemaji anajua kuna sentensi moja ambayo akiisema mwezeshaji anaingia kati bila kuuliza kwa nini, tunakubaliana sentensi hiyo kabla hatujaingia ukumbini.

Watu wengine wananiambia kwamba hayo ya kubembeleza wasikilizaji hayana maana, watu wabaya ni wabaya, peleka sheria. Sheria naitaka sana na nitaifikia. Lakini mazungumzo yanafanya kazi na kuna ushahidi. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, David Broockman na Joshua Kalla, walichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya kazi iliyofanyika Miami, watu walipita nyumba kwa nyumba wanapiga hodi wanaongea na mwenye nyumba kama dakika 10 hivi, na hawakumhubiria, walimuuliza yeye mwenyewe aeleze lini aliwahi kuhukumiwa kwa kuwa tofauti, afu wakamuomba aone kama hilo linamsaidia kuelewa wanayopitia watu transi. Chuki ilipungua, na walipofuatilia miezi 3 baadaye ilikuwa haijarudi. Na waliopiga hodi wengine walikuwa transi wengine sio, na wote waliweza. Hilo nalirudia sana kwa ndugu na marafiki zetu wanaodhani kazi hii ni yetu peke yetu.

Naamini utafiti huo zaidi kwa sababu ya historia yake. Jarida hilo hilo lilikuwa limetoa 2014 utafiti mwingine unaofanana, wa ndoa za jinsia moja, na 2015 ukafutwa baada ya kugundulika data zake si za kuaminika, na waliogundua ni hao hao Broockman na Kalla na mwenzao mmoja. Yaani walianza kwa kutokuamini. Afu 2020 wakachapisha tena kwamba ukimmwagia mtu hoja peke yake hakuna kinachosogea, kinachosogeza ni watu kubadilishana visa vyao bila mmoja kumhukumu mwenzake. Niliposoma hilo nilifurahi mno, kwa sababu ndo kitu tulichokuwa tunakiona ukumbini ila tulikuwa hatuna namna ya kumthibitishia anayetupa hela za semina.

Kwa hiyo tunafundisha pia kuuliza. Msemaji mzuri anauliza karibu sawa na anavyoulizwa. Kuna semina ya walimu, mzee mmoja alikaa nyuma kabisa amekunja mikono, akasema mbele ya wote kwamba yeye yupo pale kwa sababu ameambiwa aje. Dada yetu aliyekuwa anaongea siku hiyo akamwambia asante mzee kwa kusema ukweli, afu akamuuliza kama aliwahi kuchekwa kwa kitu ambacho hakukichagua. Mzee akanyamaza. Tukasubiri, na kusubiri kwenyewe tunakufanyia mazoezi maana kimya cha ukumbini ni kirefu kuliko kimya kingine chochote. Mwishowe akasema alikuwa na kigugumizi, na mwalimu wake alikuwa anamsimamisha kila asubuhi asome kwa sauti ili darasa lichangamke. Akasema mpaka leo akipewa karatasi asome hadharani anaipitia kwanza chooni.

Hapo msemaji asiye na mafunzo anarukia, anasema unaona sasa, na sisi ni hivyo hivyo! Usifanye hivyo. Umempora mtu kisa chake ukakifanya ngazi. Dada yetu alimwambia tu pole sana mzee, na nashukuru umetuambia, akaendelea na mtu mwingine. Mwishoni kabisa mzee akanyoosha mkono mwenyewe akauliza, mtoto akiwa anaogopa jina lake linaloitwa kwenye rejista afanyeje yeye kama mwalimu wa zamu.

Kuna mtu anaitwa Gordon Allport, mwanasaikolojia, aliandika mwaka 1954 kwamba watu wa makundi tofauti wakikutana chuki inapungua, lakini akaweka masharti, wawe sawa kwa hadhi pale walipokutana, wawe na lengo moja, washirikiane, na wenye mamlaka waunge mkono. Mimi masharti hayo nayatumia kupanga viti. Hatukubali kuwekwa jukwaani juu na watu chini wanatutazama, tunakaa mduara. Hatukubali bosi atukaribishe kwa maneno matamu afu aseme ana kikao aondoke, bosi anakaa mpaka mwisho na anauliza swali kama wengine, kwa sababu wafanyakazi wanasoma miguu ya bosi kuliko maneno yetu. Na kila semina lazima iwe na kitu cha kufanya pamoja, fomu ya kurekebisha, utaratibu wa mapokezi, chochote ambacho mikono yetu na yao inashika kwa pamoja.

Maswali mengine yanayokuja kila mara, niyapitie kwa haraka. Je huu si ugonjwa wa akili? Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2019 orodha mpya ya magonjwa, ICD-11, ikaanza kutumika Januari 2022, na humo suala la jinsia ya mtu kutolingana na aliyoandikiwa alipozaliwa limetolewa kwenye sura ya matatizo ya akili likapelekwa kwenye sura ya hali zinazohusu afya ya kujamiiana, ili mtu aendelee kupata matibabu anayohitaji bila kuitwa mgonjwa wa akili. Kwa manesi na madaktari hilo moja linafungua masikio kuliko machozi yangu yote. Msemaji anatakiwa alijue kwa mwaka na kwa jina, asibabaike.

Je haya si mambo yameletwa na wageni? Hapa ndo nataka msemaji awe na historia mkononi, maana swali hili mara nyingi linaulizwa na mtu anayependa kwao kwa dhati na anastahili jibu la dhati. Bara Hindi lina mahijra, wengi wao walizaliwa wakaonekana wavulana ila wanaishi kama wanawake au kama jinsia ya tatu, na wameishi wakijulikana hivyo kwa karne nyingi, wana familia zao, wana nafasi yao kwenye sherehe za harusi na za uzazi. Kilicholetwa na mgeni ni sheria, Waingereza mwaka 1871 waliweka sheria ya kuwaandikisha polisi na kuwafanya wahalifu kwa jinsi walivyovaa na walivyocheza ngoma zao hadharani. Na Aprili 2014 Mahakama Kuu kabisa ya India ikatamka kwamba mtu ana haki ya kutambuliwa kwa jinsia anayojijua nayo. Ukilieleza hivyo taratibu mtu anaona mwenyewe nani alimkuta nani.

Swali la dini ndo gumu zaidi na ushauri wangu una watu wanaoupinga, mimi nasema msemaji asishindane na mtu kwa aya. Sio kwa sababu hakuna cha kusema. Kipo, hata Iran kuna fatwa ya Ayatollah Khomeini ya miaka ya 1980 iliyoruhusu mtu transi kupata matibabu ya kubadili mwili baada ya mwanamke mmoja transi, Maryam Khatoon Molkara, kumwendea mwenyewe, ingawa nchi hiyo hiyo inawaadhibu vikali wapenzi wa jinsia moja na watu transi pia wana dhiki nyingi, kwa hiyo siwezi kuisifia. Ila kwenye mabishano ya aya mwenye sauti kubwa anashinda na mtu transi pale ndo anayehukumiwa mbele za watu. Bora swali hilo ajibu kiongozi wa dini anayetuunga mkono, naye ukumbini anaaminika kwa hilo. Msemaji wetu aseme tu yeye anasali vipi, kama anasali, na kama hilo limo kwenye lile fungu lake la kwanza.

Sasa haki. Kuna hatari kubwa kwenye kazi hii ya visa, kwamba watu wanakupenda wewe. Wanakuja mwishoni wanakukumbatia, wanakwambia wewe ni jasiri, afu kesho kwenye ofisi yao fomu ni ile ile, mlinzi wa getini ni yule yule, na kijana transi anayekuja kuomba kazi anarudishwa kwa sababu vyeti vina jina lingine. Upendo ule hautoshi. Kwa hiyo kila kisa kinachotolewa lazima kimalizike kwenye kitu ambacho mtu au taasisi inaweza kukibadilisha, na msemaji awe na mifano ya waliobadilisha. Argentina mwaka 2012 ilipitisha sheria ambayo mtu anabadilisha jina na jinsia kwenye hati zake bila kwenda kwa jaji, bila cheti cha daktari, bila operesheni. Kenya, Oktoba 2014, Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transi, cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia, na ukitaka kuona kwa nini karatasi moja inaweza kuwa maisha, fikiria umesoma ukafaulu na kila ukitoa cheti chako unaulizwa umekiiba wapi. Mifano kama hiyo inamtoa msikilizaji kwenye kukuonea huruma inampeleka kwenye kujiuliza hapa kwetu nani ana kalamu.

Na haki inaanzia ndani kwetu. Kila mwaka kwenye mafunzo nasimulia habari za Sylvia Rivera, mwanaharakati transi wa Marekani, naona hakuna msemaji transi anayepaswa kuanza kazi bila kuzijua. Yeye na Marsha P. Johnson walianzisha kikundi chao New York mwaka 1970 wakawa wanawatafutia mahali pa kulala vijana waliokuwa mitaani, wakati wao wenyewe hawana kitu. Mwaka 1973 kwenye mkutano wa hadhara wa mashoga na wasagaji wa mji huo huo alilazimika kupigania apande jukwaani, na alipopanda akazomewa, sio na polisi wala wahubiri, na wenzake. Akaongea hivyo hivyo, akawaambia kuhusu waliokuwa jela, wale wanaoandika barua za kuomba msaada na hawajibiwi. Alitumia muda wake mfupi pale juu kuwaongelea waliokuwa hawapo.

Nalisema hilo kwa sababu wanaotualika wana namna yao ya kuchagua. Wanataka msemaji aliyesoma, anayeongea vizuri, mrembo au mtanashati, ambaye ukimpita njiani huwezi kujua. Wanaogopa dada mwenye sauti nzito, wanaogopa anayefanya biashara ya ngono, wanaogopa aliyetoka jela, mlemavu wanasema ukumbi hauna njia ya kitimwendo. Kimberlé Crenshaw, mwanasheria mweusi wa Marekani, alieleza mwaka 1989 jinsi mwanamke mweusi anavyopotea kati ya sheria ya ubaguzi wa rangi na sheria ya ubaguzi wa jinsia, kila moja inamuona nusu. Kwetu ni hivyo, mtu transi maskini anapotea kati ya wanaosaidia maskini na wanaosaidia transi. Kwa hiyo tunapeleka wasemaji wawili kila tukialikwa na mmoja tunamchagua sisi. Wakikataa hatuendi. Nimebishana sana na wenzangu kuhusu hili, wapo wanaosema tutakosa mialiko, na kweli tumekosa, na bado naona ni sahihi.

Jambo lingine ni Novemba. Tarehe 20 Novemba ni siku ya kuwakumbuka watu transi waliouawa, ilianza 1999 baada ya Rita Hester, mwanamke transi mweusi, kuuawa Boston, Marekani, mwishoni mwa 1998, na siku hiyo ni muhimu sana kwangu, majina lazima yasomwe. Lakini simu zinalia Novemba tu. Watu wanataka waje walie nasi mara moja kwa mwaka. Sasa hivi anayetualika Novemba tunamuomba apange na siku nyingine, mwezi wowote, tuje tuongelee kazi, shule, uzee, malezi, kitu cha watu walio hai. Wanaokubali ndo tunaona wana nia.

Malipo. Msemaji analipwa. Hili naliweka wazi kabla ya chochote na siombi radhi, kwa sababu daktari anayekuja kutoa mada kwenye semina hiyo hiyo analipwa na hakuna anayemwambia kwamba ni nafasi nzuri ya kujitangaza. Watu wetu wengi hawana ajira kwa sababu ile ile wanayoalikwa kuieleza, ukimwita aje bure umemnyonya mara mbili. Nauli inatolewa mapema sio ya kurudishiwa, maana asiye na hela hawezi kukukopesha nauli. Na kuna mtu wa kumsindikiza kwenda na kurudi.

Picha hazipigwi mpaka msemaji aseme ndio kwa kila picha, na video hatukubali kabisa kwa msemaji mpya hata akisema yeye anataka, tunamwambia subiri. Leo unajiamini na umezungukwa na wenzako, mwakani unaweza kuwa umepata kazi mahali, umehamia mtaa mpya, una mtoto shuleni, na ile video ipo, haifutiki. Wapo waliotukasirikia kwa hilo. Msemaji pia anaweza kuacha siku yoyote bila barua wala maelezo, wengine wanaongea mwaka mmoja wanapotea wakaishi maisha yao kimya na wala hawataki kuitwa tena transi hadharani, na hao tunawafurahia sawa na wanaobaki.

Baada ya semina hatuondoki kila mtu kivyake. Tunakaa wasemaji na mwezeshaji, saa nzima kama inawezekana, na swali la kwanza sio ilikuwaje, ni swali gani limekuuma. Kila mtu anataja. Afu linaingia kwenye orodha yetu ya viti viwili, mafunzo yajayo linafanyiwa mazoezi, kwa hiyo lililomuuma mmoja leo linamkuta mwingine akiwa tayari. Orodha hiyo imekua sana na ndo kitu cha thamani kuliko vyote tulivyonavyo, kuliko vitini vyote tulivyowahi kuchapisha.

Na miezi mitatu baadaye tunawapigia waliotualika. Hatuwaulizi kama walifurahia. Tunauliza nini kimebadilika, tuonyesheni fomu, tuonyesheni utaratibu wa mapokezi, mtu gani transi amepita hapo tangu siku ile na alihudumiwaje. Wengine wanatuma picha ya fomu mpya siku hiyo hiyo, na kwao tunarudi hata kwa taarifa ya siku mbili. Wengine wanasema bado liko kwenye mchakato, hao tunawapa muda tunapiga tena. Na wapo ambao jibu lao ni kwamba semina ilikuwa nzuri sana, watu wameguswa, wanaomba tuje tena mwakani na yule yule dada aliyewaliza, na hao tunawaambia waziwazi kwamba hatuji mpaka fomu ibadilike.